Gari Lililopiga Magoti

Tarehe 8 Januari

Shikamoo shangazi,

Shuleni tulifundishwa kuanza na "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali." Nimeandika hivyo nikachana, nikaandika tena nikachana tena. Hali yako naitaka kwa moyo, lakini siyo dhumuni, na sipendi kuanza kwa uongo.

Sisi wazima. Mama anashona sare za shule, zimejaa hadi juu ya kitanda changu, nalala na kola na mifuko. Goti lake bado linamsumbua kwa ajili ya ile pedeli ya cherehani. Mimi nimepata nafasi kwenye chuo cha maabara, kusomea kupima damu. Wanaishikilia nafasi hadi mwisho wa Machi, ada ikiingia nayo naingia. Barua ilipofika nilijificha chooni nikalia, halafu nikatoka nikamwambia mama. Alipiga vigelegele mpaka wateja wakauliza mchumba ni nani.

Sasa jambo lenyewe. Baba amepunguzwa kazini. Mkuu mpya alikuja na dereva wake, basi. Wamempa kiinua mgongo, na siku alipokileta nyumbani alisema mbele ya mama kwamba ada yangu itatoka humo. Lakini sasa kampuni inauza lile gari jeusi alilokuwa akimwendeshea mkuu wa zamani, lile refu lenye viti vya ngozi. Wanaliuza kwa bei ambayo baba anasema ni ya kuokota. Anataka kulinunua. Anasema atalikodisha kwenye arusi, na arusi chache tu zitarudisha kila kitu, na ada juu yake, kabla Machi haijaisha. Mama alimwambia, "Gari la tajiri linakuja kula nini hapa?" Baba akatoka nje akaenda kufuta viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi.

Wewe unauza spea za magari yaliyokufa, unayajua magari kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Nakuomba umwandikie baba. Sijawahi kuwasikia mkiongea, wala sijui kwa nini, lakini wewe ndiye dada yake mkubwa. Mimi siwezi kumwambia kitu. Hata simu nikiishika maneno yananikimbia, ndiyo maana naandika. Barua nitampa wakala wa mabasi, unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mwanao.


Tarehe 21 Januari

Mama yangu mdogo, uliyebeba jina la mama yetu,

Marahaba, tena marahaba ya kujaza gunia. Mimi nipo. Banda langu linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Paka amezaa ndani ya bampa la lori, na mteja wa bampa hilo amelipa na anasubiri, lakini nani atamhamisha mzazi? Basi nasema bampa bado liko njiani.

Hongera kwa chuo. Nilisoma mstari ule kwa sauti mbele ya mafundi wote hapa, wakakoma kutukanana kwa muda kidogo.

Kumwandikia huyo dereva, sitamwandikia. Usiniulize. Ila wewe nitakuambia, ukipenda umwambie.

Gari la namna hiyo, bei ya kulinunua hushuka, bei ya kulilisha haishuki. Ukimchukua tajiri kwa bei ya maskini, njaa yake inabaki ya kitajiri. Wenye nazo huliuza siku wanapoona ugonjwa mkubwa unakuja, nao hawatangazi ugonjwa, wanatangaza rangi. Namna hizo ndizo zinazojaa bandani kwangu. Magari ya watu wa kawaida huja hapa yamegongwa. Hayo huja mazima, yanang'aa, yamemshinda mwenyewe.

Kama hasikii, basi afanye jambo moja. Asiende kuliangalia mchana likiwa limeoshwa na linanguruma. Aende alfajiri kabla mkono wa mtu haujaliwasha. Achuchumae, aweke ngumi kati ya gurudumu na bodi. Ngumi ikipita, tuzungumze. Isipopita, akimbie bila kugeuka nyuma.

Msalimie mama yako. Mwambie asikanyage pedeli kwa mguu ule ule kila siku.

Shangazi yako.


Tarehe 6 Februari

Shikamoo shangazi,

Paka na wanawe hawajambo? Mama anashukuru kwa salamu, amebadilisha mguu, sasa anasema yamekuwa magoti mawili.

Barua yako iliwahi. Nilikaa nayo mfukoni kutwa nikitafuta pa kuanzia. Mwishowe baba alipokuwa ananawa mikono, nikamshikia kata, nikasema huku natazama maji, "Baba, wanaojua wanasema gari ukaliangalie alfajiri, kabla halijawashwa."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aachishwe kazi. "Alfajiri? Mama, gari hili nimeliona kila alfajiri tangu wewe hujaanza darasa la kwanza. Nikifika kazini nalikuta limesimama wima kama askari wa gwaride. Nani anifundishe gari langu?"

Nikasema, "Na kuhusu ngumi..."

"Ngumi ya nini tena?"

Nikaendelea kummwagia, shangazi. Maji yakaisha kwenye kata.

Alilinunua siku ya tatu yake. Alilileta jioni, watoto wa mtaa mzima wanakimbia nyuma. Amevaa suti yake ya kazi na glavu nyeupe. Akateremka, akazunguka, akanifungulia mlango wa nyuma. Mimi! Nikaingia nimeinamisha kichwa kwa aibu. Akakaa mbele, akarekebisha kioo cha ndani kwa kidole kimoja, macho yake yakanipata kiooni, akasema, "Twende wapi, mama?"

Nikasema dukani kwa mama. Ni karibu tu, lakini alizunguka njia ndefu. Shangazi, unajua mimi na baba hatuongei, siyo kwa ubaya, sote wawili tuna haya. Tukikaa mezani tunatazama chumvi. Lakini mle garini aliongea na kioo, nami nikajibu kioo. Aliniuliza damu inaonekanaje kwenye hadubini. Aliniuliza kama nitaogopa. Nilipofika dukani sikutaka kushuka.

Asubuhi nilitoka kufagia nikakuta gari limekaa chini. Limelala kabisa, tumbo karibu na ardhi, magurudumu yameingia ndani ya bodi kama kobe aliyevuta miguu. Niliweka ngumi. Haikupita hata kidole.

Nilimwita baba. Alisimama mlangoni na kikombe chake, akatazama kwa muda, akasema, "Limechoka na safari." Akaliwasha. Likanguruma, likakaa hivyo, halafu likaanza kuinuka polepole, nyuma kwanza, mbele baadaye, kama ngamia. Baba akaniambia, "Unaona?" Lakini hakunywa ile chai.

Limefanya hivyo kila siku. Arusi ya kwanza ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tafadhali niambie ni ugonjwa gani, na kama unapona.

Mwanao.


Tarehe 18 Februari

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Paka mzima, bampa limeuzwa, watoto wamehamia kwenye kasha la redieta.

Gari lenu halisimami kwa springi za chuma kama magari ya watu. Linasimama kwa shokapu za upepo. Kila kona ina mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa, hewa inatoka kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi gari liko chini. Ukiliwasha, kuna mashine inaitwa kompresa, inapuliza tena. Inapuliza na kupuliza mpaka nayo inakufa. Ni sawa na kuchota maji kwa kikapu.

Kwa hiyo huyo mwanamume amechukua kiinua mgongo akanunua kitu kisichoweza kuinua mgongo wake chenyewe. Nimecheka, halafu nikaona si kicheko.

Kinachonisumbua ni hiki: mpira haupasuki kwa wiki moja. Gari hilo limekuwa likilala miaka. Yeye alilikutaje limesimama kila alfajiri? Hapo kuna mtu.

Kwenye arusi asizime injini. Akifika hapo ukumbini aiache inanguruma hadi wenye arusi watoke. Mwambie wewe. Sema kwa sauti, usiyaangalie maji.

Shangazi yako.


Tarehe 3 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini mvua haijakuzidi huko. Mama ana mafua. Sijui niandike nini kingine cha nyumbani, naona kila kitu kiko pale kwenye gari.

Nilimwambia. Nilisema kwa sauti kama ulivyoagiza, nikimtazama kidevuni, na alinisikiliza. Alisema, "Sitazima." Alinichukua nikae mbele nishike maua, na asubuhi ile alikuwa kijana, shangazi. Alipiga pasi glavu.

Tulifika ukumbini vizuri. Bibi arusi aliteremka, watu wakapiga picha, gari limesimama wima, jeusi, nikaona uso wangu kwenye mlango. Wakaingia ndani. Baba akakaa kwenye usukani, injini inanguruma. Ukumbi ule una kuta za wazi, na hotuba zilipoanza ikasikika sauti kwenye kipaza sauti, "Dereva wa gari jeusi, zima injini, wazee hawasikiki."

Akazima.

Nilimgeukia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo, naye anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Maisha yake yote sauti ikitoka nyuma inasema simama, anasimama. Inasema zima, anazima. Hakufikiri. Nikamwambia, "Baba, washa." Akajaribu, lakini wale wageni wa nyuma wakageuka wakapiga "sss!" akaacha. Hotuba zilikuwa nyingi. Kila mjomba alikuwa na la kusema. Tukawa tunashuka, shangazi. Unahisi kabisa kwenye kiti, kama mtu anayezama taratibu.

Walipotoka, gari liko chini. Baba akaliwasha, ile kompresa ikakoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Haikupuliza tena. Kijana mmoja akasema, "Dereva, gari limepiga magoti, linaomba nini?" Mwingine akasema, "Linamposa bibi arusi!" Watu wakaanguka kwa kicheko, wote wanashika simu juu. Bibi arusi alipanda teksi na shela lake limebanwa mlangoni. Baba alisimama kando, glavu zake nyeupe zimeshika mlango wa nyuma wazi, kama vile bado kuna mtu atakuja kupanda. Hakuufunga mpaka wote wameondoka.

Tulirudi nalo hivyo hivyo, matairi yanasaga bodi, njia nzima inanuka mpira.

Hajasema kitu tangu siku ile. Malipo waliyachukua tena yote, na wenye arusi mbili nyingine wameghairi gari. Shangazi, nakupigia magoti mimi badala ya gari. Tafuta shokapu mbili za nyuma na kompresa moja, hata mbovu kiasi. Machi bado iko. Arusi moja tu ikitokea, nitawahi.

Mwanao.


Tarehe 23 Machi

Shikamoo shangazi,

Wakala wa mabasi amezoea kuniona, sasa ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Kama barua yangu ilipotea, hii inasema yale yale: shokapu mbili, kompresa moja.

Mama amehamia chumbani kwangu. Hakusema kwa nini, alileta tu mto wake na mkasi. Baba anaamka kama siku za kazi, anavaa suti, anakwenda kukaa ndani ya gari uani. Haliwaki vizuri tena. Anakaa mbele ameshika usukani, gari limelala, kichwa chake kiko chini kuliko dirisha la jikoni. Nikimpelekea chai anaipokea kwa kunyoosha mkono juu.

Ulisema hapo kuna mtu. Nilikwenda kazini kwake kumtafuta. Nilipita geti nikaenda mpaka mwisho wa ukuta, nikarudi, nikapita tena, hadi mlinzi akasema, "Binti, unapima barabara?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa dereva. Nikamuuliza kama gari jeusi lilikuwa linalala.

Akasema, "Lile? Mbona lilikuwa linalala kama ng'ombe! Mimi ndiye mwamshaji wake. Kabla sijaacha zamu naliwasha, linajiinua, nalizima. Baba yako akiingia anakuta bwana mkubwa amesimama."

Nikasema, "Hukumwambia?"

"Aliniuliza lini? Dereva wa mkuu alikuwa akipita hapa kwa kidole kimoja cha salamu. Niliambiwa na wenye gari niliamshe, naliamsha. Ningejua analinunua yeye, Mungu ni shahidi, ningemkimbilia."

Halafu akanitazama usoni akasema, "Wewe unafanana na yule mama wa spea." Akanieleza, sikumuuliza. Alisema siku moja ulikuja kutoka mbali, mikono ina grisi, umebeba vifuniko vinne vya magurudumu vya gari la aina ile ile, ulivipata kwenye mzoga ukavisafisha, zawadi kwa mdogo wako kwa kupewa gari kubwa. Baba alikuwa ndani ya gari, mgongo kwa geti, mkuu anakaribia kutoka. Alimwambia mlinzi, "Mwambie nimesafiri." Mlinzi anasema aliona macho ya baba kwenye kioo cha ndani, na aliona wewe pia umeyaona.

Na ninajua kwa mama kwamba masomo yake ya udereva ulimlipia wewe.

Sasa nafahamu kwa nini hujibu. Sina haki ya kukuomba kitu. Lakini naomba. Ni mwisho wa Machi juma lijalo.

Mwanao.


Tarehe 10 Aprili

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Shokapu mbili ninazo, zimening'inia juu ya kichwa changu ninavyoandika. Kompresa pia ninayo. Sikukutumia, na Machi imepita. Nikasirikie, una haki.

Ila sikiliza kwanza. Ningekutumia hizo mbili, lingesimama. Mwezi unaofuata zingetoboka za mbele. Halafu giaboksi, giaboksi ya lile gari ni ada ya chuo kizima na mwalimu wake. Mngelilisha mpaka cherehani ya mama yako iende. Nimewaona watu hao, wanakuja kwangu na saa ya mkononi, kesho na kitanda. Sikutaka uwe mmoja wao. Nilishindwa namna ya kuandika hivyo bila kukuua, nikanyamaza. Mimi mdomo wote huu.

Gari lile halifai kuendeshwa. Linafaa kuchinjwa. Likifa litakuwa na thamani kuliko likiwa hai: milango, taa, viti, injini, kila kiungo kina mtu anayekitafuta kwa machozi. Nikiliuza kipande kipande kwa subira, mtapata sehemu kubwa ya kiinua mgongo. Siyo yote. Siyo kwa wakati wa Machi iliyopita. Pengine kwa Machi nyingine.

Lakini sichinji gari la mtu bila mwenyewe kutamka, na kwake siendi. Alichokuambia mlinzi ni kweli. Aliniona. Nami niliona kwamba ameniona. Vile vifuniko nilivibeba nikarudi navyo, nauli ya mzigo juu. Mpaka leo vipo, sijaviuza, na vina bei nzuri.

Sifiki tena kwenye geti nililofungiwa.

Shangazi yako.


Tarehe 29 Aprili

Shikamoo shangazi,

Nafasi yangu amepewa mwingine. Walinijibu kwa heshima, waliandika "tunakutakia mafanikio." Nilikukasirikia siku nyingi kidogo. Sasa nimechoka kukasirika, hakubadilishi kitu, na usiku mama ananisikia.

Barua yako nilimsomea baba. Sikujua kama nitaweza. Nilitoka uani, yeye yuko mbele kama kawaida, nikafungua mlango wa nyuma mwenyewe nikaingia. Ilibidi niiname sana. Hakugeuka. Nikasoma yote, na pale penye "giaboksi," na pale penye "kuchinjwa," na pale penye "aliniona." Nilipoinua macho, macho yake yalikuwa kwenye kioo, siyo kwangu, yalipita juu yangu kwenda kwenye dirisha la nyuma, kama vile kuna mtu amesimama pale.

Mwishowe akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nilidhani anataka kikombe. Alitaka kalamu. Ameandika mwenyewe hapa chini, sijagusa.

Dada. Nyumba yangu haina geti. Njoo na spana.


Tarehe 4 Juni

Mama yangu mdogo,

Nimefika bandani salama kutoka kwenu, lori limefika salama, mzigo haukupungua ila kwa taa moja ndogo iliyopasuka. Mgongo unaniuma kama nimebeba gari badala ya gari kunibeba. Watoto wa paka wameshaondoka, kila mmoja na fundi wake.

Sijapata bado mkono kama wako kwenye spana, mafundi hapa hawaamini nikiwaambia binti mnyamavu kama wewe alishusha injini akiwa amelala chini yake. Waambie na wewe siku moja.

Milango miwili iliondoka jana. Viti vya nyuma vimechukuliwa na mtu wa saluni, wateja watangojea zamu kwenye ngozi ya mkuu. Pesa nampa wakala kwa jina la mama yako, kidogo kidogo, mtakavyoona. Vile vifuniko vinne nilimwachia mdogo wangu, sikusema kitu, naye hakusema kitu, mliona wenyewe. Tulikuwa hivyo hata utotoni.

Ameanza kuongea? Siku zote nilizokuwa hapo aliniambia "shika," "vuta," "pole," basi. Na walipobeba bodi tupu la gari akaingia ndani ya nyumba, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Hilo limenijia tena barabarani.

Jambo jingine. Nina mteja anataka dashibodi nzima pamoja na kioo cha ndani, na analipa vizuri, lakini kioo sikioni. Nimepekua makasha yote. Mimi sikukifungua, kile kioo sikukigusa, nadhani unajua sababu. Kama kilidondoka uani kitafute, kifunge kwa kitambaa, mpe wakala. Bila kioo anapunguza bei.

Shangazi yako.


Tarehe 16 Juni

Shikamoo shangazi,

Mama amepokea pesa kutoka kwa wakala, anashukuru, ameziweka chini ya zile sare. Alirudisha mto wake chumbani kwa baba kwa sababu, alisema, mimi napiga teke.

Mahali gari lilipolala pana alama nne ardhini na nyasi hazioti. Baba alitoka kupaangalia siku ya kwanza, halafu hakutoka tena. Havai suti. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, uso kwa ukuta, mikono juu ya magoti, mmoja juu kidogo kuliko mwingine kama vile kuna kitu anakishika. Haongei. Daktari wa zahanati alisema damu yake ni nzuri. Niliitazama ile chupa ndogo ya damu yake, sikuogopa.

Kioo hakikudondoka. Nilikifungua mimi, siku ile mlipokuwa mnavuta injini, nikakificha kwenye kasha la uzi. Sikujua nakitakia nini.

Jana nilipigilia msumari ukutani mbele ya kiti chake nikakining'iniza. Halafu nikaleta kigoda, nikakaa nyuma yake na vifungo vya mama, nikaanza kushona. Muda ulipita mrefu mpaka nikaona nimefanya ujinga, mtu mgonjwa unamtundikia kioo.

Ndipo nikasikia kiti kinalia. Alinyoosha mkono, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakisogeza kwa kidole kimoja, kidogo kulia, mpaka macho yake yakanipata. Yalikuwa yamechoka sana, shangazi. Akasema, "Twende wapi, mama?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliitoa nikaichomeka kwenye kola ya sare. Dukani hakuna gari la kutufikisha, chuoni hakuna nafasi. Alingoja, kama dereva anavyongoja, hakuharakisha. Nami nikainamisha macho kwenye vifungo, kama nilivyoyatazama yale maji.

Mwambie mteja kioo hakipo, apunguze bei anavyotaka. Na uniandikie upesi, kwa basi la kwanza: leo ameamka mapema, amevaa suti, amekaa pale mbele ya kioo, na kigoda changu kiko nyuma yake kitupu. Nikikaa, ataniuliza tena. Nimwambie twende wapi?

Mwanao.